Wasiwasi wa Vijana na Miwani ya Kompyuta

Je, nyumbani kwako yuko kijana ambaye kila siku ya mtihani tumbo humuuma? Moyo humwenda mbio, viganja hutoa jasho, usiku hapati usingizi. Akipimwa malaria, hana. Watu husema ni mvivu, au amerogwa. Wengine humchapa. Huenda kijana huyo ana wasiwasi uliozidi. Huo ni ugonjwa, na hutibika.

Huko Marekani na Uingereza watafiti wanajaribu njia mpya ya kuwasaidia vijana wa namna hiyo. Kijana huvaa miwani mikubwa inayofunika macho yote. Ndani yake mna vioo kama vya simu, na kila jicho huona picha yake. Akigeuza kichwa, picha nayo hugeuka. Basi hujiona yuko ufukweni, kumbe amekaa kitini. Sauti humwambia: vuta pumzi polepole, sikiliza mawimbi, mawazo yakikimbia yarudishe taratibu.

Huu si uchawi. Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle kiliwavalisha miwani hiyo wagonjwa walioungua moto. Walipokuwa wakitibiwa vidonda walionyeshwa nchi ya theluji. Maumivu waliyosikia yalipungua, kwa kuwa akili ilishikwa na jambo jingine.

Miwani hiyo ni ghali, na wengine huwatia kizunguzungu. Lakini pumzi nayo husaidia. Mtu akitoa pumzi polepole, mapigo ya moyo hupungua. Hilo halihitaji umeme. Mkalishe kijana chini ya mti. Avute pumzi kwa pua, wewe ukihesabu mpaka nne. Aitoe ukihesabu mpaka sita. Asikilize sauti moja tu, hata ya kuku. Dakika tano zatosha, ila iwe kila siku, siyo siku ya mtihani peke yake.

Hata hivyo, pumzi haimwondoi mwalimu mkali wala ugomvi wa nyumbani. Uingereza walifundisha zoezi la kutuliza akili katika shule nyingi. Matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha kuwa halikuzidi masomo ya kawaida katika kuwakinga wanafunzi. Kwa hiyo kwanza muulize kijana anaogopa nini, na umsikilize bila kumkatiza. Kama ameacha shule, hali chakula, au anasema hataki kuishi, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usimwache peke yake njiani.