Shahada ya Uzamifu: Tafuta Msimamizi na Ufadhili Kabla ya Fomu

Wakazi wengi wa Kaunti ya Nakuru waliokamilisha shahada ya uzamili hudhani kwamba safari ya uzamifu huanza kwa kujaza fomu ya chuo kikuu. Fomu huja baadaye. Kwanza mwombaji anahitaji msimamizi anayeifahamu mada yake, na fedha za utafiti.

Udahili si ufadhili

Barua ya udahili humruhusu mtu kusoma, haimlipii karo. Nchini Ujerumani na Uholanzi, nafasi nyingi za uzamifu hutangazwa kama kazi, zikiwa na mkataba na mshahara. Nchini Kenya, mwanafunzi kwa kawaida hujilipia, isipokuwa apate mfadhili au achukuliwe katika mradi wa utafiti ulio na fedha tayari.

Hesabu isiishie kwenye karo. Kuna nauli ya nyanjani, vipimo vya maabara, malipo ya wasaidizi na matumizi ya nyumbani kwa miaka mitatu au zaidi. Asiyepiga hesabu hii mapema anaweza kukwama pendekezo lake likiwa limeshapitishwa.

Maswali yaliyo karibu

Eneo hili halina uhaba wa mada. Maji ya Ziwa Nakuru yamepanda na kumeza sehemu ya mbuga. Huko Njoro, kituo cha KALRO hupima aina za ngano kutoka nchi nyingi dhidi ya ugonjwa wa kutu ya shina. Olkaria na Menengai kuna mvuke wa ardhini, na Naivasha kuna mashamba ya maua na wavuvi wanaotegemea ziwa moja. Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka wa 1939 kama shule ya kilimo, kiko Njoro. Chuo Kikuu cha Kabarak nacho hutoa masomo ya uzamifu.

Kumwandikia msimamizi

Mwombaji asome kwanza makala mawili au matatu ya mhadhiri anayemlenga. Kisha amwandikie barua pepe fupi inayoeleza swali lake la utafiti, kwa nini amemchagua yeye, na kuuliza kama kuna nafasi na fedha. Aambatishe wasifu wake na muhtasari wa pendekezo wa kurasa mbili. Barua moja inayotumwa kwa wahadhiri ishirini hutambulika upesi. Kama jibu halijaja baada ya wiki mbili, akumbushe mara moja kwa adabu.

Ufadhili na nyaraka

Miongoni mwa wafadhili wa kufuatilia ni DAAD, shirika la Ujerumani lenye ofisi Nairobi, na RUFORUM, muungano wa vyuo vikuu vya Afrika wenye makao Kampala unaoshughulikia zaidi kilimo. Vyeti, matokeo ya uzamili na barua za mapendekezo viandaliwe mapema, kwani wanaoandika mapendekezo huhitaji muda.

Kabla ya kukusanya data, mtafiti hupata idhini ya kamati ya maadili, kisha kibali cha NACOSTI.

Tahadhari

Ada ya maombi hulipwa kupitia akaunti rasmi ya chuo. Anayedai pesa kwa simu yake binafsi ili "kuhakikisha nafasi" asipewe chochote. Mwombaji athibitishe kwanza katika ofisi ya masomo ya uzamili ya chuo husika.