Anayojifunza Dalali Mpya, na Yanayomhusu Mnunuzi

Dalali anayeanza kazi hudhani kwamba ugumu wa kuuza nyumba ni kumpata mnunuzi na kuafikiana bei. Mauziano yake ya mwanzo humfunza vingine, kwani mengi hukwama baada ya bei kukubaliwa. Hapo ndipo hubainika kwamba nyumba imewekwa rehani benki, au kwamba mwenye hati amekwisha kufariki na anayeuza si msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama.

Jambo jingine linalomshangaza ni nafasi ya mwenzi. Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinazuia kuuza nyumba ya wanandoa bila ridhaa ya mume au mke wa muuzaji, hata kama hati ina jina moja tu.

Kwa kawaida dalali hulipwa mauziano yanapokamilika. Kwa hiyo hata dalali mwaminifu ana sababu ya kukuharakisha, ilhali akiba itakayopotea ni yako.

Kabla ya kulipa chochote, hata malipo ya awali:

1. Omba upekuzi wa hati kwa Msajili wa Hati.
2. Pata ridhaa ya mwenzi wa muuzaji kwa maandishi.
3. Mshirikishe wakili wako mwenyewe katika kuandaa mkataba.

Hayo yakikamilika, lipa kupitia akaunti ya benki ya mwenye hati au msimamizi wa mirathi, na utunze stakabadhi.