Mfuko wa Wanga: Waoza Kweli, au ni Jina Tu?

Tangu tarehe 28 Agosti 2017, siku ilipoanza kutumika amri ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa nchini Kenya, kapu la ukili limerudi sokoni kwa heshima yake. Hata hivyo kapu halifai kutilia mabaki ya jikoni yanayochuruzika maji. Mwezi wa Aprili 2024, NEMA, mamlaka ya kuhifadhi mazingira, ilitoa ilani kwamba taka zenye kuoza zitiwe katika mifuko inayooza kwa asilimia 100, na watu wakapewa siku 90 za kujitayarisha. Basi mfuko wa wanga si habari ya mbali tena. Ni bidhaa ambayo mwananchi ataambiwa ainunue, na ni heri aijue kabla hajaitolea pesa zake.

Wanga huu ni ule ule uliomo katika muhogo, mahindi, viazi na mchele. Ule ule tunaotia nguo zikasimama. Ukiwa unga, ni punje ndogo ndogo sana, na ndani ya kila punje mna minyororo mirefu ya sukari iliyofungamana. Ukiupasha moto pamoja na maji, punje huvimba na kupasuka, na minyororo ikafunguka. Mpishi wa halua aijua siri hii bila ya kusoma kemia. Huukoroga wanga mweupe motoni hata ukawa kitu kizito, chenye kung'aa na kunyumbuka. Fundi wa plastiki naye hufanya mfano wa hayo, ila badala ya sukari na samli yeye hutia gliserini, kisha huukanda kwa mashine ya joto yenye parafujo hadi upatikane utando mwembamba wa kufanyia mfuko.

Lakini wanga una aibu mbili. Ya kwanza, wapenda maji; mfuko wa wanga mtupu ukirowa hulegea na kupasuka. Ya pili, hukakamaa kadiri siku zinavyopita, kama wali wa kiporo. Kwa ajili hiyo mifuko ya wanga inayouzwa madukani aghalabu huwa imechanganywa na kitu kingine, na hicho kitu kingine ndicho cha kuulizwa.

Miaka ya 1970 huko Uingereza, mtaalamu Griffin wa Chuo Kikuu cha Brunel alichanganya punje za wanga na plastiki ya kawaida, ile iitwayo poliethilini. Katika mchanganyiko wa namna hiyo, vijidudu vya ardhini hula wanga na plastiki hubaki na matundu. Mfuko waweza kumeguka vipande vipande, lakini kumeguka siko kuoza. Chembe iliyo ndogo kama mchanga wa ufuoni ni plastiki vile vile, na samaki huimeza.

Waitaliano walishika njia nyingine. Kampuni ya Novamont, tangu mwanzo wa miaka ya 1990, imekuwa ikichanganya wanga na plastiki za aina ambayo vijidudu vyaweza kuila pia, na bidhaa hiyo huitwa Mater-Bi. Ulaya ina kipimo chake cha vitu kama hivi, EN 13432. Katika majaribio ya joto la nyuzi 58 hivi, asilimia 90 ya kitu chenyewe sharti igeuke hewa ya ukaa katika muda wa miezi 6. Mji wa Milan ulipoanza mwaka 2012 kukusanya mabaki ya jikoni nyumba kwa nyumba, mifuko ya aina hiyo ndiyo iliyotumika, na taka zikaenda kiwandani kugeuzwa.

Wazee walituasa tusisafirie nyota ya mwenzetu. Mfuko wa Milan huoza kwa sababu wapelekwa mahali penye joto hilo na vijidudu hivyo. Mfuko huo huo ukitupwa mtaroni au ufuoni, mambo huwa mengine. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Plymouth walitangaza mwaka 2019 matokeo ya jaribio la miaka 3. Mfuko wa kugeuka mboji ulitoweka baharini ndani ya miezi 3, lakini uliofukiwa ardhini ulikuwa ungalipo baada ya miezi 27, ingawa haukuweza tena kubeba kitu. Na mfuko mwingine ulioandikwa kuwa waoza, baada ya miaka 3 majini na ardhini, ulikuwa bado waweza kubebea bidhaa za dukani! Tena hiyo miezi 3 si michache kwa kasa, ambaye huudhania mfuko unaoelea kuwa ni kiwavi cha bahari, akaumeza.

Liko pia swali la chakula. Kilo 100 za muhogo mbichi hutoa wanga wa kilo 20 hadi 30 hivi. Kibandameno ni riziki ya nyumba nyingi za Kilifi na Kwale, na si haki kukitoa sahanini kikafanywe mfuko wa kutilia taka. Afadhali watafiti wetu watazame kokwa za embe, ambazo nazo zina wanga, na ambazo msimu ukifika hutupwa kwa marundo.

Alhasili, wanga si wa kukataliwa, wala si wa kupokewa kwa jina tu. Sheria ya taka ya mwaka 2022 yaamrisha taka zenye kuoza zitengwe na zisizooza. Mahali pa kuanzia basi ni mahoteli na masoko yetu, ambako mabaki ya chakula na mfuko wake vyaweza kwenda pamoja kwenye shimo la mboji linalosimamiwa. Muuzaji naye aandike wazi kilichochanganywa na wanga wake, na ni wapi mfuko huo utaoza na kwa muda gani. Asiyeweza kuyajibu hayo anauza plastiki kwa jina la muhogo, na huko ni kupunja katika mizani. Kwa ununuzi wa kila siku, tushike kapu.