Gari Dogo Kuukuu na Safari ya Spea Hadi Tabora

Katika zama za misafara, shuka ya amerikani iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, ndiko kuliko na Tabora ya leo, ilikuwa na bei mbili, ya pwani na ya bara, na hii ya bara ilipanda kwa kila mtemi aliyelipwa hongo na kwa kila mpagazi aliyelishwa njiani. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke, walioiacha pwani mwezi wa Juni 1857, waliingia Kazeh, huko huko Unyanyembe, mwezi wa Novemba wakakaribishwa na tajiri wa Kiarabu aitwaye Snay bin Amir, na hapana shaka kwamba bidhaa zote walizozikuta sokoni zilikuwa zimekwisha kutiwa thamani ya mwendo ule mrefu. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 masafa yalipungua, na lami itokayo Manyoni kwa njia ya Itigi na Chaya imeyapunguza tena. Walakini hayajesha, na mtu anayeazimia kununua motokaa ndogo iliyokwisha kutumika miaka ishirini hana budi kuyaingiza katika hesabu yake hata kabla ya kuitazama rangi. Kwa maoni yangu, gari kuukuu hapa Tabora lanunuliwa kwa wepesi wa kupatikana spea zake, na mengine yote yaja nyuma.

Aghalabu magari haya asili yake ni Japani, ambako sheria yataka gari dogo jipya likaguliwe litimizapo miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, kwa gharama ambazo humfanya mwenyewe aone afadhali aliuze lingali na nguvu. Na kwa kuwa huko nako watu huendesha upande wa kushoto wa barabara, gari huteremshwa bandarini Dar es Salaam na usukani wake ukiwa mahali pake. Kenya hulikataa gari lililozidi miaka 8. Tanzania hulipokea, ila hulitoza ushuru wa uchakavu, nao kwa lililopita miaka 10 ni asilimia 30, mbali na ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani. Ndiyo sababu wengi huliacha la bandarini wakatafuta lililokwisha kutembea nchini, na umri wa hili hutajwa kwa herufi ya kwanza ya zile tatu zilizo mwishoni mwa kibao, ikawa ni namba B, namba C au namba D. Hapa pana mtego, maana namba hutaja siku gari lilipoandikishwa Tanzania, wala haisemi liliundwa lini Japani, hata namba D yaweza kuwa kongwe kuliko namba B, na muuzaji mwerevu hataona sababu ya kukukumbusha.

Tuseme sasa habari za Toyota Mark II, maadamu ndiyo itajwayo sana: umbo la GX100 lilitoka mwaka 1996, likafuatwa na GX110 mwaka 2000, na mwaka 2004 jina lenyewe likaachwa, likaja Mark X. Injini yake ya 1G ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ukubwa wa sisi 1988. Ni tulivu, ni ya kudumu, na mafundi wa gereji za chini ya miembe huifungua bila ya kuuliza mtu. Kitu kikivunjika, simu hupigwa Gerezani, Kariakoo, fedha hutumwa kwa simu hiyo hiyo, na kifurushi hupakiwa basi kikafika kesho yake. Mwenye gari la Kijerumani, la fahari na la bei ya kushangaza kwa urahisi wake, huenda akakaa wiki nzima akingoja kitambuzi kimoja ambacho hakuna gereji ya jirani iliyopata kukifunga. Hata hivyo sitaficha kwamba Mark II hunywa petroli kwa ulafi, na mwalimu au karani atakayeiacha akachukua Corolla au Carina hatakuwa amekosa adabu kwa mtu.

Dalali atakuambia kwamba gari halidai kitu. Msikilize kwa heshima, kisha omba uje alfajiri, injini ingali baridi, na sharti isiwe imewashwa kabla hujafika, kwani moshi wa kwanza ndio usemao kweli: wa buluu ni wa oili inayoungua, mweusi ni wa petroli iliyozidi, na mweupe usiokoma hata injini ipatapo moto ni wa maji yanayopenya kwenye gasketi. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona imegeuka rangi kama chai ya maziwa, aga uende zako. Fungua na rejeta, na hapa nataka tukae kidogo, kwa kuwa iko desturi moja mbaya iliyoenea, nayo ni ya kuitoa thamostati na kuitupa kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Thamostati kazi yake ni kuyazuia maji mpaka injini ipate moto wake wa haki. Ikiondolewa, injini hukawia kupata moto, petroli huzidi kuliwa, na mara nyingi ilitolewa ili kuficha rejeta iliyoziba kwa kutu ya maji ya kisima. Kwa hiyo ukiona mshale wa joto haupandi kabisa, usifurahi: uliza.

Saa ya kilomita usiitegemee, maana kuirudisha nyuma ni kazi nyepesi; tazama pedali iliyolika na kiti cha dereva. Inama uangalie chini, ambako mchanga wa barabara za vijijini na matope ya mbuga za masika yameandika mengi katika bushi na shokapu, na kama gari limenyanyuliwa kwa spesa, ujue limepita pabaya.

Baada ya hayo ni karatasi. Namba ya chasisi ilingane na ya kadi, jina la kadi liwe la huyo anayekuuzia, kwa kuwa magari mengi yamepita mikononi mwa watu watatu ilhali kadi ingali na jina la wa kwanza. Deni la faini za trafiki litazamwe kwa namba ya gari, kwani hulifuata gari. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, na umiliki ubadilishwe katika Mamlaka ya Mapato kabla dalali hajapewa ujira wake, kwa sababu akishaupata simu yake haishikwi.