Kuziba Tundu la Oili kwenye Pikipiki za Tustroki

Pikipiki nyingi zinazobeba abiria Sumbawanga siku hizi ni za mipigo minne, na hizo hazihusiki hapa. Ninazozisemea ni zile Yamaha AG100 na DT125 za zamani, zenye moshi wa buluu. Injini ya tustroki, yaani ya mipigo miwili, haihifadhi oili chini kwenye kranki kama Boxer na nyingine za mipigo minne. Oili hukaa kwenye tangi lake dogo, na pampu iliyo ubavuni mwa injini huisukuma kidogo kidogo kupitia kijibomba chembamba hadi kwenye njia ya hewa. Hapo hukutana na petroli, hulainisha beringi, pistoni na silinda, kisha huungua. Yamaha waliuanzisha mfumo huo mwaka 1964 na kuuita Autolube.

Pampu ikizeeka na kipuri kikikosekana, mwenye chombo humwambia fundi: "Ing'oe tu, nitachanganya kwenye tangi." Mimi siupingi uamuzi huo, ilimradi pampu imekufa kweli. Nyingine zina hewa tu ndani ya bomba baada ya tangi la oili kukauka. Pampu ina skrubu ya kutolea hewa. Ilegeze hadi oili itoke bila mapovu, kisha ikaze. Ikiendelea kugoma, ndipo uiondoe. Pampu ikishaondoka, tundu la kabureta ambamo kijibomba chake kilimimina oili linabaki wazi, na hilo ndilo linaloua injini.

Ni kitundu chembamba sana, lakini kipo mahali ambapo injini inavuta kwa nguvu. Kikiachwa wazi au kikizibwa ovyo, kinaingiza hewa ambayo haikupita kwenye chujio wala haikupimiwa petroli. Vumbi linaingia, hewa inazidi petroli, pistoni inachemka, inatanuka, inakwaruza silinda, injini inanoki.

Kwa Ufipa kuna jambo la ziada. Sumbawanga iko kwenye mita kama 1,800 juu ya usawa wa bahari, na msukumo wa hewa huko ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Kabureta ambayo jeti yake haikubadilishwa hutoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Sasa ukiiongezea tundu linalovuta hewa, pikipiki inaweza hata kuchangamka. Mwenyewe anafurahi, anamsifu fundi. Kisha anateremka mteremko wa Lyamba lya Mfipa kwenda Muze au Mtowisa, karibu mita 1,000 chini, kwenye hewa nzito zaidi na joto kali. Ile petroli ya ziada iliyokuwa inaficha uvujaji haipo tena. Naamini injini kadhaa zinazosemwa kuwa zimeuawa na joto la bondeni ziliondoka mjini na tundu linalovuja.

Vijiti, sabuni, vipande vya tyubu na silikoni ya madirishani havifai. Mpira wa tyubu huvimba ukiguswa na petroli, na silikoni hulainika, ikamenyeka na kumezwa na injini. Kizibo cha haraka kinachoaminika ni kipande cha mpira wa petroli, urefu wa sentimita tatu hivi. Upande mmoja uvalishe kwenye chuchu ya kabureta iliyokuwa ikishika kijibomba cha oili, upande wa pili uingize bolti fupi inayobana, kisha kaza klipu pande zote mbili. Ukague kila unaposafisha chujio, kwa sababu mpira nao hupasuka.

Cha kudumu ni bolti yenyewe. Fungua kabureta kabisa, ng'oa ile chuchu ya shaba, toboa kwa drili ya milimita 4.2 kwa bolti ya M5, au milimita 5 kwa M6, kisha kata uzi kwa tepu. Iwapo ukuta wa kabureta ni mwembamba usiokubali uzi hata mizunguko minne, achana na bolti, rudi kwenye mpira. Paka tepu grisi ili vumbi la alumini linase, na osha kabureta kwa petroli kabla ya kuirudisha. Bolti iwe fupi isichomoze ndani ya njia ya hewa, iwe na washa ya shaba na gundi ya nyuzi inayostahimili petroli.

Pale pampu ilipokaa, kata bamba la alumini la milimita 3 au zaidi, ulichonge kwa kufuata kitako cha pampu, uweke gasketi mpya. Kabla ya kufunga, hakikisha gia iliyokuwa ikiizungusha pampu imetolewa au imezuiwa isihame mahali pake. Suzuki kadhaa za zamani zina bomba la pili linalokwenda kwenye beringi ya kranki. Hizo ningeziacha na pampu zake.

Ukimaliza, usiamini macho. Ziba mdomo wa kabureta, vitundu vyake vya kupumulia na njia ya moshi kwa mpira uliobana, ingiza hewa taratibu kupitia mpira wa mdomo wa kabureta kwa pampu ya baiskeli hadi psi 6, kisha paka povu la sabuni kuzunguka kizibo. Povu likichemka, rudia kazi. Kizibo kikiwa hakitoi mapovu na hewa bado inapungua, tazama sili za kranki.

Oili sasa ni jukumu lako. Anza na sehemu 1 ya oili kwa 25 za petroli, yaani mililita 40 kwa lita. Bomba la sindano la mililita 20, lile la mifugo, jipya na bila ncha, linapima vizuri kuliko kifuniko cha chupa: mara mbili kwa kila lita, kwa dumu la lita 5 mara kumi. Angalia chupa pia. Oili yenye alama TC-W3 imetengenezwa kwa injini za boti, ambazo hupozwa na maji. Pikipiki inayopozwa na upepo itafutie JASO FC au FD.

Na namna ya kuteremka ibadilike. Pampu ilifuata mzunguko wa injini, hivyo hata ukifunga mafuta mlimani bado ilidondosha oili kidogo. Oili iliyochanganywa huja pamoja na petroli tu. Ukishuka kutoka Sumbawanga hadi Muze umefunga mafuta huku gia ikiishikilia pikipiki, injini inazunguka kwa kasi karibu ikiwa kavu. Tumia breki zaidi, na kila baada ya kona moja au mbili kamata klachi, fungua mafuta injini inywe, halafu achia uendelee.