Vioo vya Miwani na Vitu Vitumiwavyo Kuvitengeneza

Mtu asafiriye kwa barabara kuu itokayo Kisii, akapita Rongo na Awendo, hufika Uriri kabla ya kuingia mji wa Migori. Njiani huona mashamba ya miwa, na matrekta yavutayo matela ya miwa kwenda kiwanda cha sukari cha South Nyanza kilichoko Awendo. Katika nchi ya namna hii macho yana adui wengi. Jani la muwa lina makali ya wembe. Vumbi la barabara za ndani limejaa chembe za mchanga. Anolewapo panga, kipande cha chuma huweza kuruka. Na upande wa Nyatike wachimbao dhahabu hugonga mawe mchana kutwa. Mtu wa huko aambiwapo na mganga wa macho kwamba yampasa kuvaa miwani, aghalabu huuliza maswali mawili: namba yake ni ngapi, na bei yake ni kiasi gani. Swali la tatu ni nadra kuulizwa, nalo ni hili: kioo chenyewe kimetengenezwa kwa kitu gani? Ikiwa miwani hiyo itavaliwa shambani au karakanani, jibu la swali hilo laweza kuokoa jicho au kulipoteza.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba twasema "kioo cha miwani" kwa mazoea tu. Siku hizi vioo vingi vya miwani si kioo hata kidogo, bali ni plastiki za namna mbalimbali, na plastiki hizo hazifanani kwa tabia zao kama vile miti ya msituni isivyofanana kwa ugumu.

Tuanze na kioo halisi, maana ndicho cha zamani. Miwani ya kwanza ilitengenezwa Italia mwishoni mwa karne ya 13, na kwa karne nyingi baadaye kioo hakikuwa na mshindani wa maana. Kioo hupatikana kwa kuyeyusha mchanga mweupe katika tanuri. Mchanga peke yake hauyeyuki mpaka moto ufikie kiasi cha digrii 1,700 za sentigredi, nao ni moto mkali mno. Kwa hiyo huchanganywa na magadi, ambayo huufanya uyeyuke kwa moto mdogo zaidi. Lakini mchanganyiko wa mchanga na magadi matupu huharibiwa na maji, na ndiyo sababu chokaa huongezwa ili kuuimarisha. Katika kila sehemu kumi za kioo cha kawaida, sehemu saba hivi ni mchanga. Msomaji wa Kenya hana haja ya kwenda mbali kutafuta hayo magadi: Ziwa Magadi, lililo kusini ya Nairobi karibu na mpaka wa Tanzania, limekuwa likichimbwa tangu kampuni ya magadi ilipoanzishwa mwaka 1911, na soko kubwa la magadi hayo ni viwanda vya kioo. Ni jamaa ya magadi yale yale ambayo akina mama hutia chunguni ili mboga zilainike.

Kioo halisi kina sifa mbili njema. Huonyesha vitu kwa usafi sana, wala hakikwaruziki upesi. Lakini kina aibu mbili vilevile. Kwanza ni kizito: ukichukua maji kuwa ni kipimo cha 1, uzito wa kioo ni 2.5, na mtu mwenye namba kubwa huona pua yake imechoka kabla ya saa sita. Aibu ya pili ndiyo kubwa. Kioo kikipigwa huvunjika vipande vyenye ncha kali, na vipande hivyo havina mahali pa karibu pa kwenda ila machoni. Kwa ajili hiyo serikali ya Marekani iliamuru mwaka 1972 kwamba vioo vya miwani viwe na nguvu ya kustahimili pigo. Namna ya kujaribu ni rahisi kuelewa: gololi ya chuma yenye upana wa milimita 16 hivi huangushwa juu ya kioo kutoka kimo cha sentimita 127, na kioo kisivunjike.

Plastiki iliyokinyang'anya kioo nafasi yake ilizaliwa vitani. Mnamo mwaka 1940 wakemia wa Marekani waliokuwa wakijaribu aina nyingi za utomvu wa viwandani walipata mmoja uliokuwa mwangavu na mgumu, wakauita CR-39, yaani Utomvu wa Columbia namba 39. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ulitumiwa katika kutengeneza matangi ya mafuta ya ndege za kuangusha mabomu, ili ndege ziwe nyepesi zaidi. Vita vilipokwisha ukatafutiwa kazi ya amani, na mwaka 1947 kampuni ya Armorlite ya California ikaanza kuumimina katika kalibu za vioo vya miwani. Uzito wake ni 1.3, yaani nusu ya kioo halisi, na usafi wake wa kuonyesha vitu wakaribia sana ule wa kioo. Ukivunjika, vipande vyake si vikali kama vya kioo. Lakini hukwaruzika kwa urahisi zaidi, na hauzuii kikamilifu ile miali ya jua isiyoonekana, iitwayo urujuanimno, mpaka utiwe dawa. Hata leo CR-39 ni plastiki nzuri kwa mtu akaaye ofisini, na kwa mzee atakaye kusoma barua na kitabu chake cha sala nyumbani.

Hapa pana aina nyingine ambayo msomaji huenda anayo mfukoni bila kuijua. Miwani ya kusomea iuzwayo tayari sokoni, ambayo mtu hujaribu moja baada ya moja mpaka apate imfaayo, mara nyingi ina vioo vya akriliki. Akriliki ni nyepesi na rahisi, lakini hukwaruzika upesi kupita kiasi, na ikipigwa hupasuka. Hata hivyo tusiidharau. Wakati wa vita vile vile, daktari Mwingereza aitwaye Harold Ridley aligundua kwamba vipande vya akriliki kutoka madirisha ya ndege, vilivyoingia katika macho ya marubani, vilikaa humo bila kulidhuru jicho kwa uvimbe. Akafikiri: ikiwa jicho lakikubali kitu hiki, kwa nini tusikitumie makusudi? Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' ya London, alitia lenzi ya akriliki ndani ya jicho la mgonjwa wa mtoto wa jicho. Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki ambao leo hupasuliwa mtoto wa jicho na kutiwa lenzi wamefaidika na wazo hilo.

Sasa twafika kwa plastiki ambayo, kwa maoni ya mwandishi, mkazi wa Uriri ana haki ya kuifahamu kuliko zote. Yaitwa polikaboneti. Iligunduliwa mwaka 1953 na makampuni mawili karibu wakati mmoja, Bayer ya Ujerumani na General Electric ya Marekani, bila kampuni moja kujua habari ya nyingine. Ni kitu ambacho hutengenezewa ngao za polisi, na ndicho kilichofunika vichwa vya wanaanga waliokwenda mwezini. Kikipigwa kwa nguvu hubonyea badala ya kupasuka. Uzito wake ni 1.2, na chenyewe, bila kutiwa dawa yoyote, huzuia karibu miali yote ya urujuanimno. Mtoto wa shule achezaye mpira na miwani usoni, mkata miwa, dereva wa bodaboda, na kila mtu aliye na jicho moja tu lionalo, wote hao yafaa waulizie polikaboneti.

Lakini ina upungufu wake, na muuzaji mwaminifu atautaja. Ni laini, kwa hiyo hapana budi ipakwe utando mgumu juu yake. Huharibika iguswapo na dawa ya kutolea rangi ya kucha yenye asetoni. Tena hutawanya nuru: mwenye namba kubwa akitazama kwa ukingo wa kioo aweza kuona rangi za upinde wa mvua kandokando ya taa. Mwaka 2001 ilitokea plastiki nyingine iitwayo Trivex, yenye uzito wa 1.1, ambayo nayo hustahimili pigo na hutawanya rangi kidogo zaidi. Bei yake tu ndiyo ikatishayo tamaa.

Wengine husikia habari za "vioo vyembamba" na kudhani ndivyo bora kwa kila mtu. Jambo hili lataka maelezo. Fimbo itiwayo mtoni huonekana kama imevunjika, kwa sababu nuru hupinda itokapo katika maji na kuingia hewani. Kila kitu kiangavu kina kipimo chake cha kupinda nuru: CR-39 ni 1.50, kioo cha kawaida ni 1.52, polikaboneti ni 1.59, na ziko plastiki za 1.60, 1.67 hata 1.74. Kadiri kipimo kilivyo kikubwa, ndivyo kioo chembamba kiwezavyo kufanya kazi ile ile. Chukua mtu mwenye namba -6 na kioo cha upana wa milimita 50. Akitumia CR-39, ukingo utazidi katikati kwa unene wa milimita 3.8 hivi, akitumia plastiki ya 1.67, utazidi kwa milimita 2.8. Tofauti hiyo yaonekana kwa macho. Lakini mtu mwenye namba -1 hataona faida yoyote, ila atalipa tu. Na plastiki hizo hurudisha nuru nyingi usoni pake, hata zikahitaji kupakwa dawa ya kuzuia mng'aro.

Jambo jingine lidanganyalo watu ni rangi. Kioo cheusi si lazima kizuie miali mibaya. Kikiwa cheusi bila kinga, mboni hufunguka zaidi kwa ajili ya giza na kuiruhusu miali iingie, na hapo heri mtu angetembea bila miwani. Viko pia vioo vibadilikavyo rangi juani, ambavyo viwanda vya Marekani vilianza kuvitengeneza katika miaka ya 1960 kwa kutia chumvi za fedha katika kioo. Ni vizuri kwa mtembea kwa miguu. Dereva wa gari asivitegemee, maana dirisha la mbele huzuia ile miali ivigeuzayo, navyo hubaki karibu vyeupe.

Fundi wa kuchomelea vyuma naye asikose kuelewa kwamba hakuna kioo cha kawaida, hata cha polikaboneti, kimkingacho na moto ule. Sharti avae kinyago chenye kioo cheusi cha kazi hiyo. Vilevile mvunja mawe yampasa kuvaa miwani ya kazi iliyofunikwa pande zote, kwa sababu kijiwe hakichagui kuja kwa mbele.

Kuhusu matunzo, adui wa kwanza ni ncha ya shati. Vumbi la barabarani lina chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko plastiki, na ngumu kuliko kioo chenyewe. Kuifuta miwani ingali kavu ni kama kuipiga msasa. Imwagie maji kwanza, tia sabuni kidogo, sugua kwa vidole, kisha kausha kwa kitambaa laini kilicho safi. Wala usiiache garini juani. Mwandishi aliwahi kuisahau miwani yake juu ya dashibodi tangu asubuhi hadi alasiri. Plastiki ilitanuka kwa joto kuliko utando wake wa juu, na utando ukaingia nyufa ndogo ndogo kama matope ya ziwani yaliyokauka. Ilimbidi kununua vioo vipya, na mshahara ulikuwa bado wiki mbili.

Atakaye kujua kama alichouziwa ni kioo au plastiki na akigonge polepole kwa ukucha. Kioo hulia kwa sauti kali, na kikiwekwa shavuni ni baridi. Plastiki hutoa sauti nzito na haina baridi hiyo. Lakini kuitambua plastiki moja na nyingine kwa njia hiyo haiwezekani. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aandike katika risiti jina la kitu chenyewe, iwe CR-39, polikaboneti au kingine, pamoja na namba ya kila jicho.