NIMROD: BIBI KIZEE WA ANGANI ALIYESEMWA 'HANA NENO'

Wenye mabasi chakavu wana usemi wao: "Gari hili lina miaka ishirini barabarani, halijawahi kunisumbua." Abiria anapanda, konda anagonga bodi, safari inaanza. Mpenzi msomaji, ukidhani lugha hiyo ni ya huku kwetu tu, basi hujasikia kisa cha Nimrod, ndege ya doria ya Waingereza.

Ndege yenyewe si mgeni sana kwetu. Ukoo wake ni Comet, ile jeti ya abiria ya de Havilland ambayo East African Airways iliirusha kati ya Nairobi na London kuanzia 1960. Waingereza walichukua umbo hilo wakalifunga injini 4 za Rolls-Royce Spey, wakaliongezea tumbo la kubebea silaha na mkia mrefu wenye chombo cha kunusa chuma cha nyambizi. Oktoba 1969 ikaingia Jeshi la Anga.

Kazi yake? Kuwinda nyambizi za Warusi. Inashuka karibu na mawimbi, inadondosha maboya ya kusikilizia, na wakati mwingine inazima injini moja au mbili ili kubana mafuta. Jamaa ndani wametega masikio saa nenda saa rudi.

Wala haikuwa ya vita peke yake. Mwaka 1979 dhoruba ilipozivuruga mashua za mashindano ya Fastnet, na Julai 1988 mtambo wa mafuta wa Piper Alpha ulipoteketea na kuua watu 167, Nimrod ilikuwa juu ikisaidia kuongoza uokoaji.

Sasa sikia balaa. Septemba 2, 2006, Nimrod namba XV230 ilikuwa juu ya Afghanistan, karibu na Kandahar. Ilikuwa ndiyo kwanza imemaliza kujazwa mafuta angani. Ghafla moto! Marubani walijaribu kukimbilia uwanjani, lakini wapi. Ndege ililipuka, watu wote 14 wakafa. Na XV230 ndiyo ilikuwa Nimrod ya kwanza kabisa kukabidhiwa jeshini mwaka 1969.

Uchunguzi ukaonyesha kuwa mafuta yalivuja yakafikia bomba la hewa ya moto. Bomba hilo halikuwa geni. Hatari ilikuwapo tangu ndege inaundwa, ikaongezeka kila walipobandika kitu kipya, ukiwemo mfumo wa kujaza mafuta angani uliofungwa haraka haraka wakati wa vita vya Falklands mwaka 1982.

Kumbe miaka michache kabla ya ajali, wataalamu walikwishalipwa kuikagua ndege hiyo na kuandika ripoti ya usalama wake! Mwanasheria Charles Haddon-Cave, aliyepewa kazi ya kuchunguza, alitoa taarifa yake Oktoba 2009, na hakumung'unya maneno. Alisema ripoti ile ilikuwa imejaa makosa, kwa sababu walioiandika walianza na jibu mkononi: ndege imeruka miaka 30, kwa hiyo ni salama. Hatari waliyotumwa kuitafuta ikawapita hivi hivi.

Hapo ndipo penye funzo. Miaka 30 bila moto inakuambia kwamba moto haujawaka, basi. Haikuambii kwamba bomba limekaa mahali pake.

Machi 31, 2010, Nimrod za doria zilistaafishwa katika kambi ya Kinloss, Scotland, mwaka mmoja kabla ya muda uliokuwa umepangwa. Mrithi wake, Nimrod MRA4, alikuwa njiani kwa miaka mingi. Nao ulikuwa mchezo ule ule: viwiliwili vya zamani, mabawa mapya. Vile viwiliwili vilikuwa vimeundwa kwa mkono na havikulingana vipimo, mabawa yakakataa kukaa! Ziliagizwa 21 mwaka 1996, zikapunguzwa hadi 9. Oktoba 2010, baada ya kutafuna zaidi ya pauni bilioni 3, serikali ikafuta mpango mzima. Mwaka 2011 zikakatwakatwa kuwa vyuma chakavu.

Matokeo yake, taifa la kisiwa, lenye nyambizi za nyuklia, likabaki halina ndege ya doria ya baharini. Iliposhukiwa kuna nyambizi ngeni karibu na pwani ya Scotland, ilibidi majirani na marafiki waombwe ndege zao. Poseidon ya kwanza iliyonunuliwa Marekani ilitua Februari 2020, na ilitua pale pale Kinloss.

Nimrod chache zimebaki kwenye makumbusho. Watoto wanapigia picha, wazee wanapapasa ubavu wake. Ni haki yake, maana ilifanya kazi.

Lakini wewe unayepanda basi kesho, dereva akikuambia gari lake halijawahi kumsumbua, muulize breki ziliangaliwa lini.